Somo, naogopa hawa ng'ombe wa marehemu baba watanikosesha kazi

Somo, salaam aleikum. Huwa nakusoma kwa simu nikiwa ndani ya feri, leo nimeamua kuandika mwenyewe manake sina wa kumwambia, kila ninayeweza kumwambia kwetu yumo ndani ya hii shida.

Nafanya kazi ofisi ya kliaring hapa kisiwani Mombasa, hizi za kutolea watu mizigo bandarini, mimi niko upande wa makaratasi. Kwetu ni Matuga, ukishapita Kombani kidogo. Babangu alipostaafu alinunua ng'ombe wawili wa gredi, hawa wa kizungu wa maziwa, wakazaana, na alipofariki alituachia sita, watatu wa kukamwa, mitamba wawili na ndama dume, na mbuzi wa kienyeji ambao hata siwahesabu. Tumezaliwa wanne: kakangu mkubwa yuko Nairobi, anayemfuata yuko Mtwapa, dadangu ameolewa Ukunda, na mimi. Mume wangu yuko Saudia kwa kazi. Arubaini ilipoisha kila mtu akarudi kwake, na vile mimi nilikuwa nimepanga Likoni na mama amebaki peke yake, ikaonekana mimi ndo nirudi nyumbani na watoto wangu wawili. Hakuna kikao kilichokaliwa kusema fulani atafanya hivi na fulani vile, ilitokea tu.

Sasa Somo siku yangu ni hivi. Saa kumi alfajiri niko zizini nakama, mama ananishikia tochi kwa sababu mgongo haumruhusu kuinama. Nikimaliza maziwa yanaingia mtungini, kijana wa boda anayapeleka kwa mama wa chai pale Kombani na kwa majirani, mimi naoga naswali nakimbilia steji. Mpaka Likoni si mbaya, lakini feri ni bahati yako, siku moja imetolewa kwenda kutengenezwa basi utasimama pale mpaka jua likuchome utosi. Watu huniambia si upitie Dongo Kundu, lakini ile njia inakutoa Miritini na mimi ofisi iko kisiwani, ni kuhama jam moja kuingia nyingine na nauli juu. Jioni vile vile, nikifika mlangoni hata viatu sijavua nawaskia wanalia viwele vimejaa. Majani hukatwa na kijana wa jirani, akitaka anakuja, asipotaka haji, na hii kaskazi, msimu wa kiangazi, ikiingia majani hakuna kabisa, ni kununua mabua na pumba na machicha.

Juzi juzi mtamba mmoja alishikwa na homa, matezi ya shingo yakavimba, mama akanipigia nikiwa katikati ya makaratasi ya mteja ambaye kontena lake lilikuwa laanza kutozwa storeji siku hio hio. Niliondoka. Bosi hakusema kitu lakini alinitazama. Daktari wa mifugo akasema ni ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, na tulichelewa, mtamba akafa. Kwa grupu ya familia ya WhatsApp kakangu wa Nairobi akauliza "kwani dawa ya kupe haikupigwa?" Yaani hilo tu. Sikujibu, nililia msalani.

Kilichonifanya niandike ni kuwa bosi, pamoja na yale yote, ameniita akanipa nafasi ya kuwa msimamizi wa kitengo chetu. Mshahara unapanda vizuri. Lakini lazima saa moja na nusu niwe nimefika, na meli ikiingia nikae mpaka kazi iishe. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Wa Mtwapa anasema uzeni wote tugawane. Wa Nairobi anasema mtu asiguse ng'ombe wa Mzee, ndo ukumbusho wetu, na yeye mwenyewe hutuma kitu Idi kwa Idi. Dadangu anasema tafuta mfanyikazi. Mume wangu anasema acha ofisi kabisa, yeye atatuma pesa, nipanue zizi, akirudi tuwe na biashara. Mama nikimuuliza anasema "fanya utakavyoona mwanangu", alafu anatoka anakwenda kusimama zizini.

Na ukweli mwingine sijamwambia mtu. Kazi ya ofisi naipenda, naijua, nikiingia pale mimi ni mtu. Na hao ng'ombe pia nawapenda. Kwa siku nzima nikitulia kichwa ni pale nimeegemea ubavu wa ng'ombe nakama.

Nikikubali cheo ng'ombe watakufa. Nikiuza nitaitwa mtoto aliyemaliza mali ya babake na mama atavunjika moyo. Nikiacha kazi nitakuwa wa kungoja kutumiwa pesa. Nishauri.

Aliyechoka, Matuga

JIBU LA SOMO

Aleikum salaam mwanangu, na pole, pole sana kwa mzee na pole kwa yule mtamba pia. Usione haya kumlilia mnyama, mtu aliyewahi kumnywesha ndama kwa mkono wake hawezi kukucheka.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeniandikia kama mtu aliyesimama njia panda, ofisi huku na zizi kule, na unaniuliza ushike ipi. Lakini mimi kilichonikamata ni neno moja dogo ulilolipita haraka haraka, umesema "ikaonekana". Ikaonekana mimi ndo nirudi. Mwanangu, nani aliona? Sikuulizi ili ugombane na mtu, nakuuliza kwa sababu yote yanayofuata, kuanzia ile saa kumi ya alfajiri mpaka ule ujumbe wa kakako, yamesimama juu ya hilo neno. Mlikuwa wanne mnaomboleza, mmoja alikuwa karibu, akabeba. Kwa wakati ule ilikuwa sawa, pengine hata ilikuwa vizuri. Sasa ule mpango wa matanga umegeuka kuwa maisha yako na hakuna aliyeurudia kuuangalia tena, hata wewe.

Alafu hebu tuulizane, hawa ng'ombe ni wa nani? Wewe wasema wa marehemu baba, wa Nairobi asema wa Mzee. Mzee ameshatangulia, Mungu amrehemu, na maiti hana ng'ombe. Kwa dini yetu mtu akifa akaacha watoto, mjane wake ana thumuni, yaani sehemu moja kwa nane, na inayobaki ni ya watoto, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja, kama hakuna warithi wengine ambao hukunitajia. Sasa barua yako yote hainiambii kama mirathi imegawanywa, nami nahisi haijagawanywa. Kama ni hivyo basi yule wa Mtwapa hawezi kusema uzeni kama kwamba ni wake, wa Nairobi hawezi kusema msiguse kama kwamba ni wake, na wewe pia, samahani nikikuumiza, huwezi kuuza ukiamua peke yako ukiwa kwa feri. Wale waliozaliwa baadaye na wao ni hivyo hivyo, wanafuata mama zao. Ila linalonishangaza ni kuwa mali ni ya watu watano na jasho ni la mmoja. Chakula ulichonunua, dawa uliyolipa, na huo usingizi, hakuna aliyeuliza vimetoka kwa nani. Kwale kuna mahakama ya kadhi, si lazima muende kushtakiana, watu wengi huenda tu wakaelezwa kila mmoja chake ni kipi, na gharama ulizotoa wewe zikatajwa mbele ya wote.

Nije kwa mamako. Unasema ukiuza atavunjika moyo. Inawezekana. Lakini kitu alichokwambia ni "fanya utakavyoona", na kile cha kusimama zizini umekifasiri wewe. Mjane anaweza kusimama zizini kwa sababu anampenda ng'ombe, anaweza kusimama kwa sababu pale ndipo mumewe alikuwa akisimama, na anaweza pia kusimama pale akiwaza huyu mwanangu anaamka saa kumi kila siku kwa ajili yangu na mimi sina la kusema. Mzee wa makamo yake ukimuuliza "mama, tuuze?" hawezi kukujibu, ni swali zito, lina mzee ndani yake. Mpe maswali madogo. Muulize yupi anampenda kati yao. Muulize asubuhi ingekuwaje kama kungekuwa na ng'ombe mmoja tu. Muulize kama hiyo tochi anaishika kwa kuwa anataka kuwa hapo au kwa kuwa hataki uwe peke yako na giza. Na umuulize mkiwa wawili, si kwa simu, si mbele ya watoto.

Kitu kingine. Barua yako imenitajia saa nyingi, saa kumi, saa moja na nusu, saa ya feri. Hukunitajia lita hata moja. Hukunitajia mama wa chai analipa ngapi wala pumba inakula ngapi, na wewe ni mtu wa makaratasi! Waswahili walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi sijui kama hao ng'ombe wanakulisha au wewe ndo unawalisha kwa mshahara wa ofisi, na nashuku hata wewe hujui kwa hakika. Anza kuandika leo, kinachoingia na kinachotoka, kila mnyama na maziwa yake. Ukishaona hesabu, mengi ya haya mazungumzo yatakuwa na sura nyingine, kwa sababu kakako anayesema ukumbusho ataonyeshwa ukumbusho unagharimu pesa ngapi kwa mwezi.

Haya, sasa hizo njia. Dadako amesema mfanyikazi, na ni wazo la maana, lakini watu husema tafuta mfanyikazi kama wanasema tafuta ufagio. Huyu ni mtu. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 yamhusu yeye kama inavyokuhusu wewe: kazi ikifika miezi mitatu iwe na maandishi, apate siku ya kupumzika kila wiki, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na mahali pa kulala au pesa za kupanga. Kwa hiyo ile siku yake ya kupumzika nani atakama? Ukisema wewe, sawa, lakini ijulikane. Pia fikiria kuwa mnamweka mtu mgeni nyumbani kwa mama mzee na watoto, na wewe uko kisiwani, basi awe ni mtu mwenye kujulikana kwao. Na ng'ombe naye ana mambo yake, akikamwa na mkono asioujua huzuia maziwa, siku za mwanzo mtungi utapungua na mtasema huyu kijana ni mwizi kumbe ni ng'ombe amemkataa tu. Mfanye pamoja muda kidogo, akame ukiwa umesimama hapo. Swali kubwa ni mshahara wake utoke wapi. Ukitoka kwako peke yako utakuwa umehamisha mzigo kutoka mgongoni ukautia mfukoni.

Kupunguza hukukutaja kabisa. Kwa barua yako ni wote au hakuna, na nimejiuliza ni kwa nini. Pengine kwa sababu ndugu zako wamezungumza hivyo, mmoja wote mwingine hakuna. Kuna watu wanabaki na wawili wakaishi vizuri. Lakini na hilo lina hesabu yake, ng'ombe huchukua mimba miezi tisa na miezi miwili ya mwisho huachwa akauke asikamwe, basi ukibakisha wawili hakikisha hawazai pamoja, ama kuna wakati utakuwa na zizi na huna hata maziwa ya chai. Na ukiuza, msiuze kwa hasira wala kaskazi hii, manake wakati majani hakuna kila mtu anataka kupunguza na madalali wanalijua hilo vizuri. Ngojeni mvua za mwaka zinyeshe, ng'ombe ajae mwili, na akiwa na mimba au amezaa karibuni ndo bei yake. Wale mbuzi usiohesabu nao wahesabu, mbuzi huzaa kwa miezi mitano, hataki kukamwa usiku, mamako anaweza kuwaangalia akiwa amekaa kitini, na madume hutafutwa sana Idi ya kuchinja ikikaribia. Sisemi mbuzi ni badali ya ng'ombe wa mzee, nasema tu mna mali nyingine hapo ambayo hamjaiangalia.

Shauri la mumeo nimelifikiria sana. Anakutakia mema, na mtu aliye mbali huota nyumba yake ikikua, ndo kinachomfanya avumilie joto la huko. Lakini wewe mwenyewe umeandika, nikiingia ofisini mimi ni mtu. Sitaki ulipite hilo. Mkataba wa Saudia una mwisho, maziwa yana msimu, na zizi mtakalolipanua liko juu ya ardhi ya mzee ambayo na yenyewe bila shaka iko ndani ya ile mirathi, mtajenga kwenye kitu ambacho bado si chenu. Upande wa pili, kama ile daftari ikionyesha ng'ombe wanalipa, na kama mumeo yuko tayari mwaandikiane na ndugu zako, kuna wanawake wengi wanaishi kwa maziwa na hawangojei kutumiwa na mtu. Kwa hivyo si ndoto ya bure. Ila mshahara usiachwe kwa hesabu za kichwani.

Na bosi wako. Huyu mtu alikuona umeondoka siku ya storeji, kisha bado akakuita. Ina maana ameona kitu kwako ambacho kuchelewa kwako hakujakifuta. Basi nenda ukamuulize kabla ya kumjibu. Saa moja na nusu ni ya kila siku au ni ya siku za meli? Makaratasi mengi ya forodha siku hizi yanaingizwa kwa mtandao, je kuna sehemu ya jioni unaweza kuimalizia nyumbani? Kuna mtu wa kupokezana naye? Anaweza kusema hapana kwa yote, na kuna hatari akaona unaleta masharti kabla hujapewa kiti, bosi wengine wako hivyo, wewe ndo unamjua. Lakini utakuwa unakataa au unakubali kitu unachokijua. Sasa hivi unaogopa saa moja na nusu ambayo hujaiuliza.

Kuhusu ndigana nikwambie, kakako aliuliza kama kwamba dawa ya kupe ni dua. Ng'ombe wa gredi hawana ugumu wa wale wa kienyeji, kupe wachache waliopita wanatosha, na homa yake ikishaanza siku chache tu zaamua. Hata anayepulizia kila wiki hupoteza. Iko chanjo yake ambayo hupigwa mara moja na kinga ikakaa miaka, muulize daktari wenu wa mifugo, na mkiwa hapo muulizeni na habari ya mbung'o, manake nyinyi hamko mbali na msitu wa Shimba Hills. Gharama ya chanjo iwekeni kwenye ile ile grupu ya WhatsApp, tuone nani atauliza maswali.

Ama kikao, usikifanyie kwa simu. Kwa simu kila mtu ana maneno na hakuna mwenye harufu ya zizi. Waite Matuga, wote watatu, kabla ya huo mwisho wa mwezi, waje Ijumaa jioni walale. Daftari iwe mezani, mama awepo, na kama yupo mjomba au ami anayeheshimika naye akae. Usiwaambie umeamua nini kwa sababu hujaamua, waambie tu kuwa ule mpango wa baada ya arubaini umekwisha na munatakiwa kuweka mwengine. Watagombana kidogo, waache. Na saa kumi ikifika uwaamshe, mmoja ashike tochi mmoja ashike mtungi. Wa Nairobi akisema Ijumaa hiyo hana nafasi, mwambie achague nyingine, ng'ombe wanakamwa kila siku.